Tufaha Lililoumwa kwa Mkasi

Shamba la michikichi la mzee Yonasi lilikuwa na muujiza wake: liliongezeka kila mwaka bila mtu kupanda mche hata mmoja. Shamba lenyewe lilikuwa Kigwena, kusini ya Rumonge, Burundi, na Yonasi alikuwa kambini Tanzania, alikokimbilia wakati wa mauaji ya mwaka sabini na mbili. Kila Jumapili baada ya ibada alichukua kijiti akawachorea watoto wake mavumbini: hapa nyumba, hapa ziwa, hapa kijito, hapa michikichi. Mwaka mwanawe Melkiades alipoanza shule, michikichi ilikuwa imekwisha kuvuka kijito. Alipobatizwa, ile ya ng'ambo ilikuwa arobaini kwa hesabu, minene, na mkungu mmoja ulihitaji wanaume wawili kuunyanyua.

Si Yonasi peke yake. Wazee wote wa kambi walikuwa na mashamba ya namna hiyo, na lau mtu angeyajumlisha, Burundi ingefika Zambia. Hakuna aliyeona vibaya. Kambini unga ulipimwa kwa kibaba, mafuta kwa kibaba, maharage kwa kibaba. Ardhi ya nyumbani tu ndiyo iliyopimwa kwa ulimi, na ulimi hauna ubahili.

Kitu kimoja hakikukua katika hadithi zile, nacho ni baiskeli. Yonasi alikimbia na mkewe Beatrisi akiwa nyuma kwenye keria, sufuria mapajani, usiku na mchana mpaka wakavuka mpaka. Hiyo ilisemwa kwa maneno machache, kila mara yaleyale. Melkiades alipouliza baiskeli ilitoka wapi, baba alijibu, "Mungu alitoa." Na Melkiades, aliyekuwa mtoto wa kuuliza mpaka watu wazima wakimbie, hakuona la kumuuliza Mungu.

Walirudi mwaka elfu mbili na nane. Upande wa huku wa kijito walipewa bila maneno. Upande wa ng'ambo walimkuta Speciosa, mjane wa umri wa Yonasi, akikamua mawese kwa utulivu wa mtu asiye na habari. "Baba, ile yetu!" Melkiades akasema. Yonasi akakohoa. "Acha kwanza," akasema. Aliacha kwanza miaka miwili, kisha akafa. Melkiades alimlilia sana, na alipomaliza kulia aliamua kwamba mzee alinyamaza kwa woga wa mkimbizi, na kwamba yeye mwanawe hataogopa.

Sasa Melkiades alikuwa na miaka arobaini na minane. Alikuwa fundi wa simu na kompyuta, mwenye kibanda cha fotokopi karibu na soko la Rumonge, na shemasi kanisani. Mtu asiyesema uongo, na asiyewaacha watu wasahau kwamba hasemi uongo. Mara tatu alimpeleka Speciosa mbele ya bashingantahe, wale wazee waamuzi wa kilima, na mara tatu mkuu wao, mzee Niyonzima, alimjibu neno lilelile: "Leta shahidi." Mashahidi wote walikuwa makaburini.

Basi siku moja aliitwa kwenye shule moja ya msingi, stoo ilipokuwa ikisafishwa, aangalie kama kuna cha kuokoa. Paa lilikuwa limevuja misimu kumi na ushei. Chini ya madaftari yaliyooza alikuta kompyuta ya Mac ya zamani, imeliwa na kutu hadi ndani. Aliifungua akatoa diski, ambayo ilikuwa nzima, na ubavuni mwake kulikuwa na karatasi iliyobandikwa: "Kigwena. Mipaka. Sauti za wazee. 2009." Majina yalifuata. La kumi na nne lilikuwa Yonasi.

Alikumbuka mara moja. Mwaka ule alipita mzungu mmoja wa shirika fulani, akachora ramani za mashamba na kuwarekodi wazee kabla hawajafa, na kompyuta yake akaiacha shuleni. Kumbe baba alisema! Melkiades alitoka stoo akikimbia, na kabla ya kufika barabarani alikuwa amewaambia watu tisa.

Hapo alikosea, maana wa kumi alikuwa Speciosa. Alimfuata hadi kibandani, kwa miguu yake, jasho likimtoka.

"Amahoro, mwana wa Yonasi. Nasikia umepata shahidi."

"Amahoro, Mama Speciosa. Nimempata."

"Basi huyo shahidi hatalala kwako. Wewe ni fundi. Ukibaki na yeye peke yako, kesho atasema hata michikichi ya Minago ni yenu." Alinyoosha mkono. "Wewe shika sufuria, mimi nashika chumvi. Siku ya kupika tutakutana mbele ya bashingantahe."

Mzee Niyonzima alikubaliana naye. Kompyuta ikae kwa Melkiades, diski ikae kwa Speciosa, na ifunguliwe mara ya kwanza mbele ya watu wote, ili mtu asije akasema imechezewa. Speciosa aliifunga diski kwenye kitenge akaizika ndani ya ndoo ya unga wa muhogo.

Melkiades aliona ni haki. Nani asiye na wasiwasi huogopa kushikiwa mzigo? Alimwandikia barua pepe yule mzungu, na baada ya wiki mbili jibu likaja kwa Kiswahili cha kujifunza kitabuni: nakala zake zimepotea, programu aliyoitumia imekwisha kufa, sauti na ramani zimefungwa humo pamoja, na hazifunguki ila kwenye mfumo wa Mac wa miaka ile. Mifumo mipya itaikataa. Mwisho aliongeza: "Namkumbuka baba yako. Alikuwa mtu wa ukweli."

Melkiades alitoa fotokopi kumi na moja za barua hiyo akazigawa Kigwena nzima.

Ikabaki kazi. Mac ya zamani haikuwepo Rumonge. Iliyokuwepo ilikuwa mpya, ya Kaoutar, binti wa mtaa wa Waswahili aliyekuwa akitengeneza video za harusi, na hiyo ilikuwa na mfumo mpya. Lakini Kaoutar aliweka kila kitu, na kwenye sanduku lake la kaseti alikuwa bado na DVD ya mfumo wa Mac yake ya kwanza, iliyokwisha kufa.

"Hii tunaiweka mu orodinateri yoyote?" Melkiades akauliza. Alikuwa na kasha moja kubwa jeusi, kompyuta ya kawaida, alilonunua ofisi moja ilipofungwa.

Kaoutar alicheka, akamwita kwa jina la mwanawe. "Baba Anita, huu mufumo iko na ukoo. Ukiuingiza mu nyumba ya watu wengine, kwanza unauliza: mimi niko kwa nani? Ukiona si kwao, unazima."

"Sasa?"

"Kuna kaprogramu kadogo kanasimama ku mulango. Mufumo ukiuliza, kenyewe kanajibu: hii ni Mac, ya mwaka fulani, namba yake ya kuzaliwa ni hii."

"Huo ni uongo."

"Eeh," akasema Kaoutar. "Ukitaka kuiambia ukweli, iambie. Itazima na ukweli wako."

Shemasi alikwenda nyumbani na mzigo moyoni. Ingewezekanaje kutafuta ukweli wa baba kwa kumdanganya mtu, hata kama mtu huyo ni kompyuta? Alimweleza mkewe Generoza, aliyekuwa akichambua dagaa, naye hakuinua hata kichwa.

"Kambini ulikuwa unakulia kadi ya nani?"

Melkiades alikuwa amekula miaka minne kwa kadi ya binamu yake marehemu, akiitikia jina la binamu kila Ijumaa kwenye foleni, na unga ulikuwa mtamu uleule. Asubuhi alirudi kwa Kaoutar kuuliza namba ya kuzaliwa.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwahi kufunga mfumo wa Mac kwenye kompyuta isiyo yake. Njia hiyo ilichukua miezi miwili. Siku ya kwanza DVD ilizunguka, skrini ikawa ya kijivu, Melkiades akainua mikono kumshukuru Mungu, na mikono ikiwa bado juu pazia jeusi likashuka taratibu kutoka juu ya skrini hadi chini, na maneno ya lugha nne yakamwambia azime awashe upya. Kirundi hakikuwemo, wala Kiswahili. Alizima akawasha upya. Pazia likashuka. Kufikia mwisho wa wiki ya pili alikuwa ameliona mara ishirini na sita na alikuwa akiyasoma maneno ya Kijapani kwa moyo.

Kaoutar alipitia mchana akiwa na muda, akala chapati yake amesimama, akatazama.

"Memori ni nyingi," akasema siku moja. "Huu mufumo ni wa zamani, memori nyingi inauchanganya. Toa moja."

Melkiades alitoa moja. Mfumo ukaingia. Ukaingia kweli, na picha yake ya anga na nyota, na ile programu ya ramani, aliyoipakua siku tatu kwa intaneti ya simu, ikafunguka na kungoja. Wateja wa fotokopi waliachwa wamesimama. Ila hapakuwa na sauti. Kompyuta ilikuwa bubu kama jiwe.

"Ridhika," Kaoutar akamwambia. "Kadi ya sauti ni kazi ngumu kupita zote. Ramani utaiona, inatosha."

"Ramani ni ya mzungu. Sauti ni ya baba." Macho yake yalikuwa mekundu. "Dada Kaoutar, miaka kumi na nne sijamsikia."

Kaoutar aliacha utani siku hiyo. Walijaribu kidereva kimoja, yaani kiprogramu cha kuamsha sauti, kingine kikaleta tena lile pazia, cha tisa kikaua hata picha wakaanza upya. Melkiades angeweza kuacha, na laiti angeacha! Lakini alikuwa mtu wa kumaliza. Wiki ya nane, saa sita mchana, spika ya kushoto ilikwaruza, ikakohoa, ikaimba wimbo wa bibi harusi kutoka video ya Kaoutar kwa sauti kubwa hadi sokoni. Shemasi alipiga magoti kati ya mashine ya fotokopi na friji ya soda.

Kilichobaki kilikuwa heshima. Melkiades hakutaka kwenda mbele ya wazee na kasha jeusi lisilo na ukoo. Alikata picha ya tufaha, nembo ya Mac, kwenye boksi la juisi, akaibandika kwa gundi mbele ya kasha. Kaoutar aliitazama kwa huzuni.

"La Mac limeumwa, Baba Anita. Hili ni zima." Alichukua mkasi, akaling'ata tufaha upande wa kulia.

Siku ya shauri, kasha lilikwenda Kigwena limefungwa kwa mipira nyuma ya baiskeli, Melkiades akiisukuma kwa mikono miwili asije akatikisa kitu ndani. Darasa la shule lilijaa mpaka madirishani. Umeme ulitoka kwenye betri ya kinyozi. Wa kwanza kusimama alikuwa Protasi, shemeji yake Speciosa, mtu mwenye sauti kubwa kuliko hoja.

"Wazee, mimi napinga! Hii orodinateri si ya kweli. Ni ya kawaida, wameibandika pome ya juisi. Kitu ya uongo itatoaje ukweli?"

Mzee Niyonzima aliinama akalitazama tufaha kwa makini.

"Nani ameliuma?"

"Mimi, muzee," Kaoutar akasema. "Na mukasi."

Darasa lilicheka, na Melkiades akaona uso wake unawaka. Alisimama. Alikuwa ameiandaa hotuba hii miezi miwili, akiwa peke yake na lile pazia.

"Wazee wangu, chombo si kitu. Mimi mwenyewe nakiri, mashine hii nimeidanganya ili ifanye kazi. Lakini shahidi si mashine, shahidi ni sauti. Sauti ya baba yangu itakayotoka humu, iwe kwangu au iwe dhidi yangu, ndiyo neno la mwisho. Sitakata rufaa, wala watoto wangu."

"Rudia," Niyonzima akasema, "karani aandike."

Alirudia kwa furaha, polepole, neno kwa neno.

Speciosa alifungua kitenge. Diski ilitoka nyeupe kwa unga. Akaipuliza, akaifuta kwa kanga, akamkabidhi. Ramani ikafunguka, kijito mstari wa buluu, na kando yake namba kumi na nne. Melkiades akabonyeza.

Kwanza kuku. Kisha mtu akakohoa, kikohozi kilekile, na Melkiades akashika meza.

"Amahoro. Mimi ni Yonasi. Shamba yangu inaanzia ku barabara, inaishia ku kijito."

"Na ng'ambo ya kijito, mzee?" Mzungu aliuliza.

"Ng'ambo ilikuwa yangu. Michikichi arobaini. Niliuzisha, mwaka wa sabini na moja, kwa baba mukwe wa huyu Speciosa. Alinipa baskeli." Alicheka kidogo, akakohoa tena. "Ilikuwa kuukuu, haina hata breki. Watu walinicheka sana, wakasema Yonasi ameuza mawese ya wajukuu juu ya chuma. Halafu ikakuja ile ya sabini na mbili. Nikamupandisha bibi yangu nyuma, tukashuka milima ile bila breki, nasimamisha na mguu. Wenye kutembea hawakufika. Sisi tulifika. Ni ile michikichi ilitubeba."

Mzungu akaendelea.

"Lakini mtoto wako anasema ng'ambo ni yenu."

Kuku akalia. Yonasi akakohoa.

"Anasema vile juu mimi ndiye nilimuambia. Kule kambini watoto wa wengine baba zao waliwanunulia viatu. Mimi sikukuwa na kitu. Nilimupa michikichi. Sasa nitamunyang'anya namna gani? Wewe andika ukweli mu makaratasi yako. Ila yeye musimuambie, mpaka nife."

Mwisho. Kijito cha buluu kilibaki kwenye skrini.

Mzee Niyonzima aligeuza uso polepole. Sheria ya baraza ilikuwa lazima sauti itambuliwe na mtu wa nyumba.

"Melkiades. Hii ni sauti ya baba yako?"

Protasi, aliyekuwa ameikana mashine mbele ya wote, sasa alikuwa akiiangalia kama injili. Na nyuma ya Melkiades, jamaa yake mmoja alinong'ona: "Sema ni ya uongo. Umekwisha kusema umeidanganya." Na kweli, neno moja lilitosha. Miezi miwili alikuwa ameifundisha mashine kujibu uongo kila ilipoulizwa wewe ni nani, na ilikuwa imepita. Alijua jinsi ilivyo rahisi. Kwenye foleni ya unga alijua zamani zaidi.

"Ni yeye," akasema.

"Sema kwa nguvu, karani aandike."

"Ni baba," Melkiades akasema, akalia mbele ya watu wote, mtu mzima, bila kujificha.

Niyonzima aligonga chini intahe, fimbo yake ya uamuzi, na shauri la miaka kumi na nne likaisha kabla chai haijachemka. Watu walitoka. Speciosa alibaki. Alikaa kwenye dawati la watoto, magoti yakimfika kifuani.

"Baba mukwe alikufa na haya," akasema. "Kila siku alikuwa anasema: nilimuuzia mwana wa watu baskeli bila breki, pengine ilimuua. Laiti angesikia hii." Alisimama akijikongoja. "Michikichi miwili ya ku kijito, mutakuwa munakata nyinyi."

"Murakoze, Mama, lakini hapana," Melkiades akasema kwa heshima yake yote.

"Tutakata," akasema Generoza, aliyekuwa nyuma yake.

Kasha jeusi bado liko kibandani. Kaoutar aliomba DVD yake na akashauri shemasi afute kila kitu, aweke mfumo wa kawaida, mashine ifanye kazi ya maana. Melkiades alirudisha DVD. Kufuta hakufuta. Nakala ya namba kumi na nne imo, Speciosa aliiruhusu mwenyewe, na mchana wateja wakipungua huiwasha, akasikiliza kuku na kikohozi, akazima kabla ya lile neno la viatu.

Juzi mteja mmoja wa kutoka Kabezi, aliyeisikia habari hii njiani, alimwuliza huku anangoja simu yake.

"Ni kweli muzee wako aliuza michikichi arobaini juu ya baskeli moja?"

Melkiades aliweka chini chuma cha kulehemu.

"Haikuwa baiskeli ya mchezo, ndugu yangu. Ilikuwa mpya. Nyeusi, ya Ulaya, ina taa mbele na kengele inayosikika ng'ambo ya ziwa. Kilima kizima hapakuwa na nyingine."

Pembeni, Kaoutar alikuwa akihesabu kadi zake za mwaliko kwenye mashine ya fotokopi. Aliinua kichwa.

"Na breki, Baba Anita?"

Melkiades alimtazama. Kaoutar hakucheka.

"Breki mbili," akasema. "Mbele na nyuma."